Fimbo ya Anayevua Ameketi

Nakato na Bahati, siku niliyowakabidhi funguo za duka mliniomba niwaandikie namna ninavyomchagulia mtu fimbo ya kuvulia kwenye kayaki. Mlitaka karatasi moja ya kubandika ukutani. Nimejaribu nikashindwa. Kila nikiandika urefu wa fimbo namkumbuka mtu, na kila nikiandika ugumu wake nayakumbuka maji. Basi nitaeleza jinsi nilivyojifunza mwenyewe, nanyi mtachukua la kuwafaa. Habari za vyeo sina. Katika duka la watu watatu, cheo ni nani anachemsha chai.

Nilizaliwa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, na sikuwahi kuvua hata samaki mmoja. Wanaume ndio walioingia ziwani. Sisi wanawake tulianika dagaa tunaowaita ndagala, tukasubiri. Vita vilipotuleta Kampala, mimi na binti yangu Furaha, ujuzi niliokuja nao ulikuwa wa cherehani. Nikapata nafasi kwenye baraza ya nyumba moja Kibuli, chini ya msikiti, nikawa nashona sare za shule na kupanua suruali za watu waliokataa kukubali kwamba wamenenepa.

Asubuhi moja akaja mzee wa Kiganda aliyevaa kanzu, ameshika kitu kirefu chembamba nilichodhani ni antena ya redio. Alikuwa Haji Twaha, fundi wa fimbo za kuvulia, na karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba yake hapo hapo Kibuli. Pete moja ya kupitishia mshipi ilikuwa imeng'oka kwenye ile fimbo, na macho yake hayakumruhusu tena kuifunga.

"Nnyabo," akasema, yaani mama kwa Kiganda, "una uzi wa hariri?"

"Ninao wa nailoni, Haji."

"Haya. Nifungie pete hii hapa. Uzi ukae bega kwa bega, usipandane."

Nikaufunga, na mwishoni nikaipitisha ncha ya uzi chini ya mizunguko yake yenyewe, kama nilivyozoea kuificha kwenye kola ya shati. Haji akachukua koleo, akaivuta ile pete kwa nguvu zake zote. Haikutikisika. Akaitazama, akanitazama mimi.

"Kesho uje kwangu," akasema. "Sare za shule zitapata mtu mwingine."

Nilidhani siku ya kwanza nitashinda nafunga pete. Hakunipa hata uzi. Alifunga mshipi kwenye ndoo ndogo ya mchanga, akanipa fimbo mkononi, akaniambia niinue polepole na nisiseme kitu. Ikapinda ncha kwanza, kisha katikati, kisha nikahisi uzito unashuka taratibu hadi kwenye kiganja changu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akipapasa kila kidato. Ndoo ikaiacha sakafu. Ule ufito, ambao ncha yake ilikuwa nyembamba kama njiti ya ufagio, ulikuwa umebeba mchanga na haulalamiki. Nilisahau kufunga mdomo.

"Umeona imepindia wapi?" Haji akaniuliza.

"Nimeona."

"Basi umeiona kazi yote. Mengine ni vanishi."

Hilo lilikuwa somo la kwanza, nami nawapa nyinyi kama nilivyopewa. Mteja atakuuliza jina la kiwanda na rangi. Wewe tazama fimbo inapindia wapi. Iko inayopinda ncha tu, sehemu iliyobaki yote ni ngumu. Hiyo hutupa mbali na kumchoma samaki ndoana upesi. Iko inayopinda hadi katikati. Na iko inayopinda hadi kitakoni, pale mkono unaposhika, laini kama mwanamke anayesali, alivyokuwa akisema Haji, ambaye mkewe nilimfahamu vizuri na hakuwa laini hata kidogo.

Kayaki zilikuja baadaye sana. Wateja walianza kufika wamezifunga juu ya magari, mashua za plastiki za rangi za machungwa na njano, za kukaliwa na mtu mmoja na kuendeshwa kwa kafi. Haji alipoiona ya kwanza aliizunguka, akaigonga kwa kidole. "Hili ni karai la kufulia," akasema. "Wamelirefusha tu."

Tuliwauzia watu hao fimbo zile zile za wavuvi wa ufukweni, ndefu na ngumu. Zikawa zinarudi zimevunjika karibu na ncha. Mteja mmoja alirudi bila fimbo kabisa, na miwani yake pia ilikuwa imebaki ziwani. Hatukuelewa, na Haji hakupenda jambo asilolielewa kulala ndani ya karakana yake.

Tukaenda naye Ggaba, kwenye mwalo ambapo mashua za visiwani hushusha watu na samaki. Mteja mmoja akatuazima kayaki yake. Haji akaikunja kanzu, akaingia, akaketi na fimbo mkononi penye maji ya kufika mapajani. Mimi nikashika ncha ya mshipi. Nilikuwa samaki.

Nikavuta kutoka mbele. Badala ya fimbo kupinda zaidi, kayaki yote ikanifuata, na Haji ndani yake. Nikasimama. Naye akasimama.

"Nnyabo, vuta tena."

Nikavuta tena, ikanifuata tena. Mzee yule, aliyezeeka akitengeneza fimbo, akaanza kucheka peke yake. "Mashua ndiyo breki," akasema. "Samaki hapigani na mimi. Anavuta mashua mpaka anachoka."

Kisha nikafanya kama samaki halisi anavyofanya. Nikapitisha mshipi chini ya kayaki, nikatokea upande wa pili nikivuta. Fimbo ikakunjwa kwa ghafla ukingoni, kayaki ikainama, na kicheko cha Haji kikaisha. Alifanya jambo moja tu, naye baadaye alisema hakujua nani alimfundisha: aliizamisha ncha ya fimbo majini, akaizungusha mbele ya pua ya kayaki hadi upande niliokuwa mimi. Mashua ikanyooka. Mshipi ukawa huru.

Tulipofika Kibuli, boda boda ikimsubiri ashuke, aliniambia, "Miaka yote hii nilidhani fimbo ndiyo inayomchosha samaki." Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu aliyefunguliwa chumba kipya katika nyumba yake mwenyewe.

Kutoka siku hiyo tukawa na kanuni zetu za kayaki. Fimbo iwe na urefu wa kuizunguka pua ya mashua mtu akiwa ameketi. Kwa wengi hiyo ni kama futi saba. Fupi mno haifiki, ndefu mno huwezi kumleta samaki karibu nawe. Kitako kiwe kifupi, kisizidi kiwiko, la sivyo kitanasa kwenye jaketi la kuokolea kila unapogeuka. Kaboni tupu ni nyepesi na inakuletea hata pumzi ya samaki, lakini ukiigonga kwenye ukingo wa mashua itapasuka siku usiyoitegemea. Faiba ni nzito lakini inasamehe. Kwenye kayaki mtu hugonga kila kitu, kwa hiyo chukua iliyochanganya vyote viwili. Na fimbo ifungwe kwa kamba kwenye mashua, maana ziwa halina ofisi ya vitu vilivyopotea.

Mimi nikaongeza mkeka. Tulipohamia Ntinda, kwenye duka hili, nilimketisha kila mteja wa kayaki sakafuni, miguu ameinyoosha, ndipo nimpe fimbo ya kujaribu. Mtu akiwa amesimama anachagua fimbo ya mtu aliyesimama. Nimewaona watu wa mabenki wakivua viatu na kuketi pale na suti zao, wakiinua ndoo ya mchanga kwa uangalifu mkubwa kuliko wanavyobeba watoto wao.

Sasa nifike kwa Afande Okot, ambaye nyinyi wawili mnamjua, lakini hamkuwapo siku aliyofika mara ya kwanza.

Haji alikuwa ameshaacha kuja dukani, kifua kikimsumbua, amelala kwake Kibuli. Mchana mmoja nikaona mlangoni baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Aliyekaa juu yake alikuwa mwanamume wa makamo mwenye mabega mapana. Miguu yake yote miwili ilikuwa imekatwa juu ya magoti. Nyuma yake alisimama mwanamke mrefu, mkewe, ambaye alikuwa amemsukuma kwenye mwinuko.

"Mama, mimi naitwa Okot," akasema kwa Kiswahili cha jeshini. "Zamani sajenti. Bomu la kutegwa lilinimaliza kazi. Sasa nataka fimbo ya kayaki."

"Karibu, Afande. Una mashua?"

"Iko. Rafiki mumoja alihama, akaniachia."

Mkewe, Aber, akapita mbele akaja mpaka kwenye meza yangu. "Mama, mimi nakataa," akasema. "Mwambie fimbo zimekwisha."

Nyuma yangu rafu ilikuwa imejaa fimbo hadi darini.

"Aber, usimufundishe mama kudanganya," Okot akasema.

"Maji hayajui wewe ni sajenti."

"Najua hayajui. Ndiyo sababu nayataka." Akanigeukia. "Mama, huku kila mutu ananiangalia kutoka juu. Hata mutoto. Lakini kwa kayaki watu wote wamekaa. Mutu akikutana na mimi kule ziwani, anaona mvuvi."

Nilikuwa nimewaketisha watu wengi kwenye ule mkeka, na jambo hilo halikuwahi kunipitia akilini. Nikatazama chini. Nikawaambia wanipe wiki.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa, na Aber alikuwa na haki. Mtu wa kayaki huishikilia mashua kwa miguu. Magoti yanabana, nyayo zinasukuma, na samaki akivuta kwa ubavu, miguu ndiyo inayoirudisha mashua kabla kichwa hakijajua. Okot hakuwa na cha kubania wala cha kusukumia. Ningekosea fimbo, ningemnyima Aber mume.

Nikapanda Kibuli kumwuliza Haji. Alisikiliza amefumba macho, nikadhani amelala.

"Mimi sijui," akasema mwishowe. "Mimi nina miguu."

"Na mimi ninayo, Haji."

"Basi kaifunge."

Nakato, wewe unakumbuka, kwa sababu safari hiyo samaki ulikuwa wewe. Nilijifunga kitenge kutoka mapajani hadi kwenye vifundo, nikabebwa kama gunia na kuwekwa ndani ya kayaki pale pale Ggaba, na wewe ukanivuta. Nilianguka mara nyingi kuliko nitakavyokubali kuandika. Wanawake wanaopara samaki waliacha kazi zao. Mmoja akasema kwa Kiganda kwamba jjajja huyu, yaani bibi huyu, ana majini, na mwingine akajibu kwamba hata kama anayo, yatakuwa yamelowa.

Lakini nilipata nilichokifuata. Fimbo ngumu ilileta kila mvuto moja kwa moja kiunoni, na kiuno bila miguu ni kama mlango uliong'oka bawaba. Fimbo laini mno iliniacha nimetulia vizuri, ila sikuweza kukutoa wewe chini ya mashua. Iliyofaa ilikuwa katikati: inayopinda polepole, inayokupa muda wa kuegemea upande mwingine, lakini ikifika karibu na mkono inakataa. Na iwe ndefu kidogo kupita kawaida, kwa kuwa Okot asingeweza kujikunja mbele sana kuizungusha pua.

Niliitengeneza mwenyewe. Nilichukua fimbo ya mchanganyiko, nikakata kitako, nikasogeza kiti cha rili, lile gurudumu la kuviringia mshipi, nikaongeza pete ili mshipi usiisugue fimbo inapopinda. Kwa kuwa mapaja yake yalikuwa mafupi mno kuegemezea kitako, nilimshonea mfuko wa turubai kwenye mkanda wa jaketi lake, wa kina kifupi ili kitako kichomoke samaki akizidi nguvu. Kamba ya kufungia fimbo niliiweka mahali mkono unafika, na kisu kifuani. Cherehani ilirudi kazini siku hiyo.

Tulimjaribu kwanza penye maji mafupi. Okot akateremshwa ndani ya kayaki, na pua ya kayaki ikainuka juu kama kichwa cha bata. Kila alipopiga kafi, mashua ikayumba. Nikasogeza kiti, haikusaidia. Aber alikuwa amesimama ufukweni, mikono kifuani. Kwao Kawempe anauza mkaa, na amepakia baiskeli nyingi maishani mwake.

"Mbele hakuna mzigo," akasema.

Sote tukamtazama. Akaokota gunia tupu, akapiga magoti, akalijaza mchanga kwa mikono yake, akalifunga mdomo. Akaingia majini na gauni lake, akalilaza lile gunia ndani ya kayaki mahali ambapo miguu ya mumewe ingekuwa. Pua ikashuka. Kayaki ikakaa juu ya maji sawasawa kama sahani mezani. Okot aliweka kiganja juu ya lile gunia, akakiacha hapo.

"Kama utakwenda, nenda," Aber akamwambia. "Lakini mimi nitakuwa nyuma yako."

Siku aliyokwenda nilimsimulia Haji mara mbili kabla hajafariki, kwa kuwa aliniomba mara ya pili, na sasa nawasimulia nyinyi. Ziwa lilikuwa limetulia asubuhi ile. Okot alitangulia kwa kafi. Nyuma yake tulifuata kwa mashua ya injini, mimi na Aber, na nahodha wetu Kato akiizuia injini tusije tukampita. Tuliyapita magugu maji, tukatoka kwenye ghuba, mpaka maji yakabadilika rangi na kina kikawa kirefu. Okot akaachia nyuma ya kayaki chambo chake, samaki wa plastiki mwenye ndoana, akaendelea kupiga kafi polepole. Mabega yaliyokuwa yamezoea kuendesha ile baiskeli yalifanya kazi hiyo kama mchezo.

Kisha fimbo ikalala.

Sikuona samaki. Niliiona fimbo. Ilipinda ncha, ikapinda katikati, ikashuka hadi pale nilipotaka ikatae, na ikakataa. Rili ikalia. Okot aliegemea nyuma kama nilivyomfundisha. Samaki akapiga mbizi chini ya mashua, nikaona kayaki inaanza kuinama, na Aber akanishika mkono kwa nguvu hata kucha zikaniingia.

"Zungusha," nikasema, ingawa asingeweza kunisikia.

Aliizamisha ncha majini, akaizungusha pua. Mashua ikanyooka. Na samaki, alipoona njia imefunguka, akaelekea ziwani kwenyewe.

Ndipo kayaki ikaanza kwenda. Kafi lilikuwa limelazwa, hakuna aliyepiga maji, na ile mashua ya machungwa ikaondoka ikipasua ziwa, povu likigawanyika pembeni, Okot ameketi wima ndani yake na fimbo imepinda mbele yake. Kato ilimbidi aongeze moto ili tusiachwe. Nimeuza fimbo zaidi ya ninavyoweza kukumbuka, nimesikia hadithi za wavuvi na kuziamini nusu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna kitu chini ya maji yale chenye nguvu hiyo, wala kwamba ufito niliouviringishia uzi kwa vidole hivi ungeweza kusimama kati ya kitu hicho na mtu. Nilisahau kuogopa.

Aber alisema kitu kwa Kiacholi, taratibu. Kisha akakisema tena kwa Kiswahili ili nami nielewe.

"Anakimbia."

Sangara aliruka mara moja tu, kichwa chote na nusu ya mwili, mdomo wazi, akikitikisa kichwa hata tukasikia mashavu yake yakipiga. Akarudi ndani. Mvuto ukaanza kulegea, kayaki ikapunguza mwendo, ikageuka taratibu, na mwishowe ikasimama. Okot akawa anavuta mshipi kidogo kidogo. Samaki alipokuja juu ubavuni mwa kayaki, alilala pale akihema, na urefu wake ulitoka kwenye kiti hadi karibu na pua. Asingeweza kuingia kwenye mashua ile hata angekubali mwenyewe.

Kato akasogea na ndoana yake kubwa yenye mpini wa mti. "Afande, nimkamate?"

"Ngoja."

Okot aliweka mkono juu ya ubavu wa samaki, wazi, kama unavyomgusa ng'ombe usiyemfahamu. Alibaki hivyo kwa muda. Jicho la yule samaki lilikuwa la dhahabu, nalo lilikuwa linamtazama kwa usawa.

"Haya," akasema. "Chukua."

Tulimvuta sisi watatu, Aber akishika mkia. Kato akarusha kamba ili aikokote kayaki hadi mwaloni, lakini Okot akairudisha majini. "Nitafika," akasema. Tukamfuata polepole, injini ikikohoa kwa kukereka.

Habari hutembea upesi kuliko mashua. Tulipofika Ggaba watu walikuwa wamejaa ufukweni, wapara samaki, wachukuzi, wauza chai. Walimwona samaki kwanza, wakapiga kelele. Kisha wakamwona Okot anaingia kwa kafi lake, na kelele zikapungua. Wachukuzi wawili, wale wanaowabeba abiria mabegani kutoka kwenye mashua ili wasilowe, wakakunja suruali na kumwendea wambebe hadi kwenye baiskeli yake.

Aber aliwawahi. Alishuka kwenye mashua yetu maji yakimfika kiunoni, akawapita, akaishika pua ya kayaki.

"Umechoka?" akamwuliza mumewe.

"Hapana."

"Basi zunguka tena kidogo. Kule nilikuwa naogopa, sikuona vizuri."

Akaisukuma kayaki kwa mikono yake miwili, akairudisha ziwani, akabaki amesimama pale majini akimtazama.